Lipu ya Mwaka Sabini na Tano

Guangzhou, China
12 Machi 2006

Mwanangu Dainess,

Salamu nyingi kutoka huku mbali. Mimi baba yako ni mzima, chakula nakula, usingizi naupata, ila goti lililonileta huku kutibiwa ni lile lile. Natumaini na wewe hujambo, na mumeo, na watoto, na yule ng'ombe mwenye baka usoni. Kama amezaa niambie.

Naandika kwa mkono wangu. Loyce alitaka kuniandikia nikamkataza, maana mdogo wako akiandika yeye anapunguza maneno yangu. Simu sitaki. Mtu unasema neno la maana, wa upande wa pili anasema haloo, haloo, mpaka neno lenyewe linachacha. Barua hii anakuja nayo Maulid, Mzanzibari anayenunua vitambaa huku. Ataitia posta akifika Dar es Salaam.

Safari ilikuwa njema. Pale uwanjani afisa wa Kichina alinitazama sana kwenye pasipoti, nikaona ananionea shaka. Nikamtolea Kichina cha reli, kile tulichokiokota tukijenga reli na Wachina. Nikamwambia kuai kuai, yaani haraka haraka, halafu nikamwambia shuini, yaani saruji. Alicheka mpaka akagonga muhuri. Wenzangu kwenye mstari wakaniheshimu.

Sasa sikiliza jambo. Loyce anakaa ghorofa ya kumi na moja, kichochoro kinachotokea barabara ya Huanshi Zhonglu. Nguo zake ananunua Guangyuan Xilu, zinafungwa mabelo, halafu zinakaa stoo zikisubiri kontena la kwenda bandarini Huangpu. Juzi alinipeleka hiyo stoo nikakae kwenye kiti wakati yeye anaandika alama kwenye mabelo yake. Nilipoingia tu nikasimama. Nikavua kofia.

Loyce akaniuliza, "Baba, unasikia joto?"

Nikamwambia, "Hapa ni kanisani."

"Baba, hii ni stoo. Kabla ya hapo kilikuwa kiwanda cha vifungo."

"Kiwanda cha baba yako! Hili ni kanisa, tena kanisa la aina yetu."

Akaanza kunitazama kama anatazama mtu aliyepigwa na jua. Lakini mimi ni fundi, jengo haliwezi kunidanganya. Mlango katikati. Ngazi mbili, kushoto na kulia, za kupandia roshani. Roshani yenyewe imezunguka pande tatu, na upande wa nne, ukutani katikati kabisa, jukwaa la mimbari. Si pembeni, katikati, ili kila mtu amwone mhubiri na mhubiri amwone kila anayesinzia. Siku hizi juu ya jukwaa hilo wameweka mizani ya kupimia mabelo.

Na hapo nikayakumbuka ya huko. Loyce ananiambia Ambakisye na baraza lake la wazee wa kanisa bado wanataka kubomoa kanisa letu, wajenge lingine la bloku na vioo vya aluminiamu. Niliondoka nikiwa nimekataa, na bado nimekataa. Mwambie Ambakisye: ukuta ule niliupiga lipu mimi, mwaka sabini na tano, nikitoka kwenye reli na Wachina, na tangu hapo hakuna mkono mwingine uliougusa. Ukuta wangu hauanguki. Kama kuna kitu kinaanguka ni meno yake.

Wewe ndiye katibu wa baraza. Siku utakayotia sahihi karatasi ya kubomoa, usiniite baba tena.

Mimi baba yako,
Fundi Asegelile


Ikombelo
2 Aprili 2006

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, sijui ni cha Maulid au cha posta. Sisi wote hatujambo. Mvua ni nyingi mno mwaka huu, migomba miwili ya nyuma ya jiko imelala. Ng'ombe amezaa dume. Mama mdogo Rozina anakusalimu, anauliza kama Wachina wanakula ndizi.

Umesema nikitia sahihi nisikuite baba. Shikamoo yako iko pale juu, umeshaipokea, huwezi kuirudisha. Sasa tuongee.

Mhandisi wa wilaya alikuja wiki iliyopita. Alizunguka kanisa lote akigonga kuta kwa kifundo cha kidole. Ukuta wa kaskazini unalia kama debe tupu. Umetoa tumbo, baba, ukisimama kwenye kona unaliona. Chini karibu na msingi lipu inabanduka vipande vipande, na ndani kunatoka unga mwekundu. Akaandika kwamba watoto wa shule ya Jumapili wasikae upande ule. Tumewahamishia chini ya roshani, wanabanana kama vifaranga.

Mkutano wa washarika wote utakuwa Jumapili tarehe 18 Juni, baada ya ibada. Siku hiyo itapigwa kura. Mzee Ambakisye hana ubaya na wewe kama unavyofikiri. Anaogopa ukuta usije ukaangukia mtu.

Mimi nimependekeza jambo la tatu. Kanisa jipya lijengwe pembeni, la zamani liwe shule ya chekechea. Najua utaruka. Lakini nyumba ile imeshakuwa mambo mengi. Mimi nilijifunza a e i o u chini ya roshani ile ile, siku za kazi ilikuwa darasa. Mwaka wa kipindupindu ilikuwa zahanati, wewe mwenyewe ulibeba mabenchi kuyatoa nje ili wagonjwa walale. Hakuna aliyesema Mungu amehama.

Ila chekechea inataka ukuta unaosimama. Wazee wananiuliza, kwa nini tusibomoe? Nikiwajibu "baba amekataa" wanacheka. Nipe sababu moja ya fundi, siyo ya baba. Nitaisimamia mbele yao wote.

Fuata maneno ya daktari. Na kofia uvae, nasikia huko nako kuna baridi.

Mwanao,
Dainess


Guangzhou
23 Aprili 2006

Mwanangu Dainess,

Nakusalimu tena. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili kwa miwani, mara ya tatu ndipo nikaielewa. Mimi sijambo. Hongera ya ndama. Mwambie Rozina Wachina wanakula ndizi, lakini zilizoiva tu. Ndizi ya kupika hawaijui, watu maskini hawa pamoja na maghorofa yao. Goti watalipasua tarehe tatu mwezi ujao. Daktari ni binti mdogo. Nikamwuliza kama anajua kutumia timazi, maana mguu nao ni nguzo. Loyce alikataa kutafsiri.

Unataka sababu ya fundi, nakupa. Lipu ile nilichanganya mchanga tatu kwa saruji moja, kama tulivyofanya kwenye madaraja ya reli. Mchanga tuliuosha mtoni. Unene, vidole viwili. Lipu ya namna hiyo maji hayapiti. Maji yasipopita ukuta unakuwa mkavu. Kwa hiyo kama ukuta umelowa, kosa ni la bati. Mwambie Ambakisye apande juu akaangalie bati zake, aache kugongagonga ukuta wangu kama mganga anayetafuta mzimu. Hiyo ndiyo sababu, wasomee.

Kuhusu chekechea sina la kusema, maana nikisema utalia.

Sasa nikupe habari za kanisa la huku. Nimepata rafiki, anaitwa Simiyu, Mbukusu wa Bungoma, anasomea mambo ya majengo chuo kikuu. Kichina anasoma kama gazeti. Alikwangua rangi juu ya mlango ukatokea mwaka, 1893. Anasema waliolijenga ni Waingereza wa yale makanisa yaliyokataa kuwa chini ya kanisa la mfalme wao. Walikataa askofu, walikataa majoho, walikataa mnara, walikataa sanamu. Nikawapenda mara moja. Anasema hata wale waliotujengea sisi walikuwa jamii hiyo hiyo ya wakataaji.

Ndiyo maana madirisha ni marefu, kichwa cha mviringo, kioo cheupe tu, hakuna picha. Nguzo za roshani ni za chuma, nyembamba kama mguu wa korongo, zilikuja kwa meli. Lakini tofali ni za kijivu za hapa hapa, na mafundi walikuwa Wachina. Simiyu alinionyesha kitu nikacheka sana. Wamisheni walisema mapambo hakuna. Basi mafundi wakafinyanga maua madogo ya udongo wakayaweka juu kabisa kwenye ncha za paa, ambako mmisheni hawezi kuyaona bila ngazi. Fundi ni fundi tu.

Baadaye likawa shule. Halafu likawa kiwanda cha vifungo, wakatandika sakafu ya mbao kutoka roshani hii mpaka ile, kanisa moja likawa ghorofa mbili. Halafu mbao zikang'olewa, likawa stoo ya akina Loyce. Na sasa ofisi ya mtaa imewaambia wafanyabiashara watoe mabelo, nyumba itengenezwe iwe ukumbi wa wazee wa kichochoroni, wacheze chesi na kunywa chai. Nikasema mara mia heri mabelo! Belo halipigi kelele.

Kazi imepewa fundi mmoja mzee, kama umri wangu. Hapa fundi bingwa wanamwita shifu. Yeye ni Shifu Liang. Jumatatu nimefika nikamkuta anafanya jambo ambalo sijapata kuliona kwa mtu mwenye akili zake. Anabandua lipu ya saruji! Lipu nzima, ngumu, waliyopiga watu wa vifungo, anaipiga tindo aitupe, na pembeni ana pipa la chokaa iliyolowekwa. Chokaa, Dainess! Kitu cha kupaka mabanda ya kuku.

Nikampigia kelele, "Shuini hao!" Saruji nzuri.

Akanijibu bila kugeuka, "Shuini bu hao." Mbaya.

Nikasema hao, akasema bu hao. Hao. Bu hao. Tuliendelea hivyo mpaka akina mama wa kichochoroni wakatoka na vikombe vyao kututazama. Mwishoni akanipa kigoda nikae, nadhani kwa sababu ya fimbo. Nimekaa lakini sijakubali. Kesho namwonyesha.

Mimi baba yako,
Fundi Asegelile


Ikombelo
21 Mei 2006

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na upasuaji. Loyce ametupigia akasema umetoka salama na kwamba uliwaambia manesi kitanda hakiko sawa kwa pima maji. Tumecheka, tukashukuru Mungu. Huku wote wazima.

Mzee Ambakisye alipanda juu ya paa, umri ule, kwa ajili ya barua yako. Bati hazivuji, baba. Hata moja.

Jumatano kipande cha lipu kimeanguka, upande wa kaskazini, kikubwa kama mlango. Hakikumpata mtu. Nilikwenda kukiangalia. Chenyewe kizima kabisa, hakikuvunjika hata kilipopiga chini. Lakini tofali la nyuma yake nililigusa kwa kidole na kidole kikaingia. Lilikuwa limelowa kama mkate kwenye chai. Wiki hiyo yote haikunyesha.

Naomba uniambie wewe, maana mimi ni mwalimu tu. Kama lipu haipitishi maji, na bati haivuji, maji yale yanatoka wapi? Na kwa nini hayatoki?

Zimebaki wiki nne. Sababu ya bati wameshaitupa. Nasubiri barua yako.

Mwanao,
Dainess


Ikombelo
6 Juni 2006

Baba,

Shikamoo. Habari za goti? Sisi hatujambo.

Sijapata barua. Nimemwuliza Loyce kwa simu. Anasema unatembea vizuri, kila asubuhi unakwenda kwenye lile kanisa unakaa kwenye kigoda. Anasema hata kujisifu umeacha, na hilo ndilo linalomtisha.

Kama umenikasirikia kwa yale maswali, nisamehe. Lakini tarehe 18 iko pale pale, na karatasi ya kubomoa wameshaniandalia, imebaki sahihi. Mpaka sasa sina neno la kuwaambia. Kama unalo, mpe Loyce alitume kwa faksi, namba ya ofisi ya elimu wilayani anayo. Nitalifuata mwenyewe.

Mwanao,
Dainess


Guangzhou
14 Juni 2006

Mwanangu Dainess,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani. Mimi ni mzima wa mwili. Goti linakunjuka.

Sikukukasirikia. Nilijaribu kukuandikia mara nne, na kila nikianza nilijikuta naandika habari za goti. Leo nimemwambia Loyce akae jikoni mpaka nimalize.

Ile kesho niliyosema namwonyesha Shifu Liang, yeye ndiye aliyenionyesha. Hakubishana. Alinishika mkono, mkono huu wa kulia, akaubandika kwenye ukuta wa mbele ambao watu wa vifungo hawakuufikia, una chokaa yake ya zamani. Mkavu. Na Guangzhou mwezi wa nne hata mkate unatoa jasho. Halafu akanipeleka upande wenye saruji, akabandua kipande mbele yangu, akauweka mkono wangu nyuma yake. Maji. Tofali likatoka kwenye vidole vyangu kama unga wa kusaga. Akaonyesha chini kwa kidole, akasema shui, maji, akakipandisha kidole taratibu kutoka kwenye msingi. Maji yanapanda yenyewe kutoka ardhini, Dainess, kama utambi unavyopandisha mafuta. Kila ukuta wa zamani unayanywa. Chokaa inayatoa nje, yanakwenda na upepo. Saruji inayafungia ndani. Nikamwita Simiyu aje anitafsirie kwa maneno, nikidhani nimeelewa vibaya. Sikuwa nimeelewa vibaya.

Kwa hiyo maswali yako mawili hayo ndiyo majibu yake. Kidole chako kimeingia pale pale kilipoingia changu.

Reli ilikuwa sawa. Daraja ni zege tupu, linataka saruji. Lakini ukuta wa kanisa letu ni tofali za kuchoma na udongo katikati, na babu yako na wenzake kila kiangazi walikuwa wanaupaka chokaa. Mimi nilirudi na mwiko wa Wachina, najiona, nikawaambia wazee wale mmechelewa, mnapaka ukuta poda kama bibi arusi. Nikawapiga marufuku. Ukuta ule ulikuwa mzima. Ugonjwa niliuleta mimi kwenye karai.

Miaka thelathini na moja nilikuwa nikipita pale na mgeni naupiga ukuta kwa fimbo asikie ulivyo mgumu.

Shifu Liang ameniambia jambo, Simiyu akalitafsiri. Alisema ile saruji ya watu wa vifungo aliipiga yeye mwenyewe akiwa kijana, alikuwa kibarua wa kiwanda. Sikumwuliza zaidi. Tangu siku hiyo nachekecha mchanga wa chokaa yake nikiwa nimekaa, maana kusimama sana nimekatazwa. Wazee wa kichochoroni hawakungoja kazi iishe, wameshaingiza meza zao za chesi. Nilikuwa nimesema ni dhambi. Nina kigoda changu karibu na dirisha.

Sasa hapa chini usome kwa sauti siku ya mkutano, usiruke neno hata kwa kunionea huruma.

"Mimi Asegelile, fundi, nawaambia washarika wa Ikombelo. Lipu niliyoipiga mwaka 1975 ndiyo inayokula kanisa. Bati hazina kosa, na wazee waliopaka chokaa walijua kuliko mimi. Ombi langu ni moja. Msibomoe kabla hamjabandua lipu yangu yote, kuta zote nne, na kuziacha zikauke kiangazi kimoja. Zikikauka zikasimama, kanisa ni lenu, mlifanye chekechea, mlifanye mnachotaka. Zisiposimama, bomoeni, na mimi nitabeba tofali la kwanza. Ndugu yangu Ambakisye alikuwa na haki ya kuogopa ukuta ule. Nilimtukana bure."

Lile neno langu la kukukataza kuniita baba, lifute.

Baba yako,
Asegelile


Ikombelo
19 Juni 2006

Baba mpendwa,

Shikamoo baba. Shikamoo tena.

Faksi niliipata Ijumaa, mstari wa mwisho umefifia lakini nimeusoma. Nilirudi nayo nimeiweka ndani ya Biblia isilowe.

Jana kanisa lilijaa mpaka kwenye ngazi za roshani. Baada ya ibada Mzee Ambakisye alifungua mkutano, akaniita nisome karatasi ya kubomoa ndipo watu wapige kura. Nikasema kwanza nina barua. Nikasikia watu wanaguna, mmoja wa nyuma akasema, "Haya, tusikie leo fundi amejenga nini huko China." Wakacheka. Nikasoma.

Baba, sikuruka neno. Niliwasomea hata maneno uliyoniandikia mimi, yale ya ugonjwa na karai, nisamehe. Nilipomaliza watu walikuwa wanatazama kuta badala ya kunitazama mimi.

Mzee Ambakisye akasimama. Nilidhani atashukuru, au atasema si niliwaambia. Akaniambia, "Katibu, andika na jina langu." Nikamwuliza la nini. Akasema, "Mwaka ule nani alikuwa anamchanganyia? Ni mimi. Yeye alisema nne kwa moja, mimi ndiye niliyesema tutie tatu, iwe ngumu zaidi. Miaka yote hii anajisifu kwa tatu yake, nami namwacha, maana ilikuwa yangu." Akakaa. Halafu akasimama tena kusema, "Na meno yangu mwambie bado yapo."

Kura zimepigwa kwa kunyoosha mikono. Wametoa kiangazi kimoja. Mwezi wa tisa mhandisi atarudi, akisema hapana basi ni hapana. Karatasi ya kubomoa sikuitia sahihi. Nimeiweka kwenye faili.

Niambie tuanzie wapi, juu au chini, na chokaa ya Songwe kama inafaa.

Mwanao,
Dainess


Ikombelo
17 Septemba 2006

Baba mpendwa,

Shikamoo. Maagizo yako yalifika, kurasa sita, na ile picha ya jinsi ya kushika tindo ili usijeruhi tofali. Ulisema juu kwenda chini, tumefuata. Ulisema chokaa ilowekwe wiki tatu kabla, tumefuata. Ulisema tusianze mpaka urudi. Hilo hatukufuata. Kiangazi hakisubiri tiketi.

Kwaya walichukua ukuta wa mashariki, akina mama wa magharibi, wazee wa mbele. Wa kaskazini aliuchukua Mzee Ambakisye, akakataa kusaidiwa siku tatu za kwanza, halafu akaomba maji, halafu akaomba watu.

Mhandisi amekuja jana. Lile tumbo lilikuwa la lipu, baba. Lilikuwa limeachana na ukuta likasimama peke yake. Nyuma yake ameweka timazi mara mbili, ukuta umenyooka. Chini karibu na msingi kuna safu tano za tofali za kubadilisha, ameonyesha wapi, na zilizobaki ziachwe mpaka zikauke vizuri ndipo zipakwe chokaa. Ameandika neno "linafaa". Chekechea wataanza mwezi wa kwanza. Watoto wameshaanza kuja kushika kuta, sijui nani amewaambia.

Lakini nakuandikia hasa kwa ajili ya jambo jingine. Lipu yako ilituchukua wiki tano. Tulidhani wiki moja. Pale ambapo haikuwa imeachia, haikutaka kuachia. Tumevunja tindo tatu na mpini wa nyundo ya shule. Siku ya mwisho Mzee Ambakisye alikuwa amekaa juu ya kifusi, vumbi mpaka kwenye nyusi, ameshika kipande mkononi anakigeuza geuza. Akakigonga na nyundo, hakikuvunjika. Akaniita.

Akasema, "Mwandikie baba yako. Mwambie Asegelile alikosea, lakini hakulipua kazi."

Mwanao,
Dainess